Tashbihi na Hesabu za Upelelezi: Mwanahisabati wa NUMB3RS

Katika fasihi ya upelelezi, mamlaka ya mpelelezi hutokana na uwezo wake wa kuona kile ambacho wengine wamekipita. Katika NUMB3RS, tamthilia ya televisheni ya Marekani iliyobuniwa na Nicolas Falacci na Cheryl Heuton na kurushwa na CBS kuanzia 2005 hadi 2010, uwezo huo amepewa mwanahisabati. Charlie Eppes, profesa kijana katika chuo cha kubuni, humsaidia kaka yake Don, ofisa wa FBI jijini Los Angeles, kufumbua kesi. Makala haya yanaeleza jinsi tashbihi inavyobeba hoja ya kihisabati katika tamthilia hiyo na kufichua mipaka yake.

Katika sehemu ya kwanza, wanawake wanashambuliwa mmoja baada ya mwingine, na ramani inaonyesha mahali pa kila tukio. Badala ya kukisia shambulio lijalo, Charlie analigeuza swali: mhalifu hutokea wapi? Anayafananisha matukio na matone ya kinyunyizio cha bustani. Hakuna awezaye kutabiri tone moja litaangukia wapi. Hata hivyo, matone yakishakuwa mengi, mtawanyiko wake hudokeza kinyunyizio kilipo.

Msingi wa tashbihi hiyo ni halisi. Kim Rossmo, mtaalamu wa jinai aliyewahi kuwa polisi Vancouver, Kanada, alibuni mlinganyo unaokadiria uwezekano wa mhalifu kuishi katika kila sehemu ya ramani. Mlinganyo huo una dhana mbili: mhalifu hapendi kwenda mbali na kwake, lakini pia huepuka kutenda uovu karibu mno na mlango wake asije akatambuliwa.

Hata hivyo, tashbihi huingiza dhana yake kimyakimya. Kinyunyizio ni kimoja na hakihami. Eneo la kwanza linapopekuliwa bila mafanikio, Charlie anang’amua kwamba mhalifu ana vitovu viwili, yaani nyumbani na kazini. Kilichopotoka ni mfano uliotangulia hesabu, si hesabu yenyewe.

Hapa ndipo Charlie anapotofautiana na Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, aliyejitokeza katika riwaya ya *Mzimu wa Watu wa Kale* (1960). Bwana Msa husoma dalili hadi zimfikishe kwa mtu. Charlie husoma matukio mengi kwa pamoja, na jibu lake la kwanza ni eneo. Ndani ya eneo hilo wamo watu wengi wasio na hatia, ambao anwani pekee imewatia shakani.

Kwa hiyo kuwapo kwa Don si pambo la msuko. Namba humwelekeza pa kutafuta; hatia bado hudai ushahidi. Tashbihi inayomrahisishia mtazamaji hesabu yapasa ihojiwe kama anavyohojiwa shahidi.