Je, Wajua? Pongo na Madoa Yake

Pongo, ambaye Waganda humwita engabi, ni swala wa vichakani mwenye madoa na mistari myeupe ubavuni. Ndiye mnyama wa mwiko wa ukoo wa Ngabi: wanaukoo hawamli.

• Dume aliyekomaa huwa na uzito wa kilo 40 hadi 80. Jike ni mdogo zaidi.

• Dume pekee ndiye mwenye pembe. Zimejisokota kidogo, wala hazidondoki.

• Dume huzidi kuwa mweusi kadiri anavyozeeka. Jike hubaki na rangi ya kahawia nyekundu.

• Akishtuka, hubweka kama mbwa!

Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda, yenye makao makuu Barabara ya Kira, Kamwokya, ndiyo inayowalinda. Ukiona mtego, toa taarifa.