Kijana akipatwa na AVC: akirudi nyumbani anahitaji nini?



Leo naomba tuongee juu ya ugonjwa ambao wengi tunadhani ni wa wazee peke yao: kiharusi, ile hapa kwetu tunaita AVC. Mimi si muganga. Ila huu ni mwaka wa tatu namsaidia mdogo wangu, mwalimu wa sekondari hapa Bukavu, aliyepatwa akiwa na miaka 36. Ninayoandika ni yale nimejifunza kwa waganga wake, na zaidi kwa yeye mwenyewe.

AVC ni nini? Ubongo unaishi kwa damu. Mshipa ukizibwa na damu iliyoganda, ao ukipasuka, sehemu ile ya ubongo inaanza kufa kwa dakika chache. Sababu kubwa ni tansio ya juu, na tansio haiumi: mtu anaweza kutembea nayo miaka mingi bila kujua. Kwa vijana kuna pia magonjwa ya moyo, sida, na ugonjwa wa SS ambao unaweza kuleta AVC hata kwa mtoto.

Hospitali inafanya kazi yake, kisha mgonjwa anarudishwa nyumbani. Hapo ndipo maswali ya kijana yanaanza, juu mzee mara nyingi ana watoto wakubwa wa kumlisha, lakini kijana ndiye analisha wengine.

Hitaji la kwanza ni kuelezwa ukweli, yeye na familia. Mtu wa miaka 36 akianguka ghafla, mtaa mzima unasema: «Wamemupa karuho.» Familia ikiamini hivyo, pesa inaenda kwa wenye kutapisha watu, na dawa ya tansio inaachwa. Dawa ikiachwa, AVC ya pili inaweza kuja, na mara nyingi inaharibu kuliko ya kwanza.

La pili ni mazoezi. Mwili unarudi kwa haraka zaidi katika miezi ya kwanza, lakini haufungi mlango baada ya hapo. Mdogo wangu alianza kushika chaki kwa mkono wa kushoto wakati mwaka ulikuwa umekwisha pita. Kwa wenye kuishi mbali na mjini, shida ni pesa ya moto ya kwenda na kurudi. Ndiyo maana ni vizuri mtu mmoja wa nyumbani afundishwe mazoezi ya kila siku.

La tatu ni shida ambazo macho hayaoni. Kwa watu wengi, lugha inakaa upande wa kushoto wa ubongo. Kwa hiyo anayepooza mkono wa kuume anaweza kukosa na maneno. Akili yake iko, jibu analijua, ila neno linakataa kutoka. Umpe muda, usimalizie sentensi yake. Kuna pia uchovu: saa moja ya kusahihisha kazi za wanafunzi inaweza kumlaza mchana mzima. Na kuna huzuni nzito, inayopata karibu mtu 1 kati ya 3. Watu wanamuona anatembea, wanasema amepona, eti sasa ni uvivu. Maneno hayo yanamrudisha chini.

La nne tunaliogopa: ndoa. Wengi wanadhani kulala na mwenzi kutaleta AVC nyingine. Hali ikiisha kutulia, kwa kawaida haikatazwi. Waulize muganga wakiwa wawili. Dawa zingine za tansio zinaweza kupunguza nguvu za mwanaume: asiziache kimya kimya, aombe zibadilishwe. Na mwanamke aliyepata AVC asitumie vidonge vya uzazi vyenye estrojeni, juu vinaongeza hatari ya damu kuganda. Kuna njia zingine.

La tano ni kazi. Kwa kijana, kazi ni chakula, minervali ya watoto na heshima yake. Mdogo wangu alirudi kwa saa chache kwa wiki, asubuhi tu, darasa la chini bila ngazi. Hiyo haikuomba pesa nyingi, iliomba kiongozi mwenye kusikiliza. Na tujue kwamba nchi yetu ina sheria namba 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022, inayolinda haki za watu wenye ulemavu. Aliyekuwa anakatwa mchango wa CNSS aende pia kuuliza kuhusu pensheni ya ulemavu.

Kati yetu kuna wakuu wa shule, wenye biashara, wanasheria, wauguzi. Mwenzetu akipatwa, tusiishie kuchanga pesa ya hospitali wiki ya kwanza. Mwezi wa sita ndio mgumu: wageni wamekwisha, deni limebaki. Hapo tumtembelee na kifaa cha kupima tansio, na tumuulize yeye, si bibi yake ao yaya yake: «Wewe unataka kurudilia nini kwanza?» Mimi nilitazamia mdogo wangu aseme kutembea. Alisema anataka kusoma majina ya wanafunzi wake bila kukwama.

Na wewe unayesoma, pima tansio yako wiki hii. Ukiona mtu mdomo umepinda, mkono umelegea ao maneno yamechanganyika ghafla, mpeleke hospitali saa ile ile.