Viumbe wa Maji Baridi (2): Kasa wa Mto Mary na Majirani Zake

Wiki hii tuvuke bahari hadi jimbo la Queensland, Australia, unakopita Mto Mary. Humo anaishi kasa ambaye hapatikani mto mwingine wowote duniani. Wataalamu humwita Elusor macrurus. Dume humpita jike kwa ukubwa, gamba lake huzidi sentimita 40, na mkia wake ni mnene kupita kiasi. Akitishwa, hulaza shingo ubavuni chini ya gamba, sawasawa na kasa wadogo wa madimbwi yetu ya Afrika Mashariki. Wenye shingo za namna hiyo leo wamebaki katika mabara ya kusini tu.

Ajabu yake kubwa ni pumzi. Ana mapafu, lakini pia huvuta oksijeni ya majini kupitia tundu la nyuma, lile lile la kutolea haja na mayai. Ndani yake mna vifuko vyenye vinyuzinyuzi vinavyofanya kazi ya matamvua, hivyo huweza kukaa chini hadi siku tatu bila kuibuka. Uwezo huo unategemea maji yanayotiririka, yenye oksijeni ya kutosha.

Watoto wa mijini walimjua kabla ya wanasayansi. Katika miaka ya 1960 na 1970 mayai yalikusanywa kwenye kingo za mchanga, na vifaranga wakauzwa kwa maelfu madukani kama wanyama wa kufuga. John Cann wa Sydney aliwaona huko na akatambua kwamba hawafanani na kasa yeyote aliyekwisha kuelezwa. Alitafuta mto wanakotoka kwa zaidi ya miaka 20. Mwaka 1994 ndipo yeye na John Legler walipomtangaza kasa huyu rasmi kwa jina la kisayansi.

Madhara ya biashara ile hayakuonekana upesi, na hapa ndipo penye somo zito. Jike huchukua kama miaka 25 kabla ya kutaga kwa mara ya kwanza. Ukichukua mayai mwaka hadi mwaka, mto hautabaki mtupu; utaendelea kuwa na kasa wakubwa wanaoota jua juu ya magogo, na mpita njia atadhani mambo ni shwari. Kumbe anaowaona ni wazee wasio na warithi. Hata baada ya biashara kukoma, mbweha walioletwa kutoka Ulaya, mbwa na kenge waliendelea kufukua viota.

Wakazi wa mji mdogo wa Tiaro hawakungoja wageni. Tangu mwaka 2001 chama chao cha kutunza ardhi kimekuwa kikilinda viota. Msimu wa kutaga, mvua ikinyesha, watu wa kujitolea hukagua kingo, hutafuta mchanga uliochimbuliwa na kuufunika kwa wavu ili wafukuaji wasiufikie. Wafugaji nao wameombwa kuzuia ng'ombe wasikanyage kingo hizo. Fedha walizipata kwa kuuza chokoleti zenye umbo la kasa, na sehemu ya mapato ikasaidia utafiti wa chuo kikuu. Naiheshimu sana kazi hii, kwa sababu anayefunika kiota leo anajua kwamba huenda asiwe hai siku kifaranga wake atakapotaga.

Mwaka 2006 serikali ya jimbo ilitangaza mpango wa bwawa kubwa kwenye Mto Mary, huko Traveston Crossing. Maji yangetuama na kuwa na kina kirefu, oksijeni ingepungua, na kingo za mchanga zingezama. Wakazi wa bonde walipinga kwa miaka mitatu, hadi mwaka 2009 waziri wa mazingira wa taifa, Peter Garrett, alipoukataa mradi. Kasa huyu alikuwa miongoni mwa viumbe waliotajwa katika uamuzi huo, pamoja na samaki mwenye mapafu wa mto huo huo.

Vifaranga wa viota vya mwaka 2001 ndio kwanza wanafikia umri wa kutaga. Kwa hiyo mradi wa miaka mitatu, wa aina tunayoizoea huku kwetu, hauwezi kumwokoa mnyama wa namna hii. Nawe msomaji unayeishi kando ya Tana, Rufiji au Ruvuma, ukikuta kiota cha kasa kwenye mchanga, kifunike kwa wavu, waeleze majirani, na mzuie mifugo na mbwa mpaka vifaranga watoke.