Kukuza, kurefusha au kupanua? Lugha ya vipimo na utata wa 'mara mbili'

MTU akikwambia kuwa ploti ya jirani ni "kubwa mara mbili" ya yako, huenda amesema jambo moja kati ya mawili yaliyo tofauti kabisa. Yamkini ana maana kuwa kila upande wa ploti hiyo ni mara mbili ya upande wa ploti yako. Yamkini pia anazungumzia eneo.

Kama ni pande, basi jirani ana ardhi mara nne ya yako, wala si mara mbili.

Utata huu haukihusu Kiswahili peke yake. Hata hivyo, katika makala ya leo nataka kuonyesha kuwa lugha yetu ina nyenzo za kuuondoa, mradi tuzitumie kwa uangalifu. Nitapitia mada ya ukuzaji katika jiometri, ambayo katika mfumo wa 8-4-4 ilifundishwa Kidato cha Pili, tena kwa Kiingereza. Mtu huweza kuupita mtihani wake vizuri tu, kisha ashindwe kuieleza mada yenyewe siku anapobishana na dalali wa ardhi.

Tuanze na vitenzi. Kurefusha ni kuongeza urefu. Kupanua, kitenzi kinachotokana na kivumishi -pana, ni kuongeza upana. Ukiichukua picha kwenye kompyuta ukaivuta upande mmoja tu, sura ya mtu hugeuka ikawa kama ya aliyevimba mashavu. Hapo umeipanua, hujaikuza. Kukuza ni kuzidisha vipimo vyote vya urefu kwa kiwango kimoja, huku pembe zikibaki vile vile.

Lakini kuza ni kauli ya kutendesha ya kua, na asili hiyo yaweza kutupotosha. Mtoto hakui kama umbo la jiometri. Kichwa cha mtoto mchanga ni takriban robo ya urefu wake wote, ilhali cha mtu mzima ni takriban thumni, yaani sehemu moja kati ya nane. Lau mtoto angekuzwa kijiometri, tungepata mtu mzima mwenye kichwa cha kutisha! Kwa hivyo, neno la kawaida likishafanywa istilahi, sharti liwekewe mipaka.

Ukuzaji huhitaji mambo mawili. La kwanza ni kitovu, yaani nukta ambayo umbali wote hupimwa kutoka kwake. La pili ni kizidishi cha skeli, yaani namba inayozidisha kila umbali huo.

Skeli ni neno lililozoeleka, hasa Tanzania, ambako shule za msingi za umma hufundisha Hisabati kwa Kiswahili. Kizidishi nimelichagua mwenyewe. Wapo watakaopendelea kigawo, ila mzizi wa neno hilo ni gawa, na hapa kazi inayofanyika ni kuzidisha.

Chukua mfano wa koroboi usiku. Shika kadi yenye sentimita 10 kwa 6, sentimita 50 kutoka kwenye mwanga, sambamba na ukuta ulio sentimita 150 kutoka kwenye mwanga huo huo. Mwanga ndio kitovu. Kwa kuwa ukuta uko mbali mara tatu zaidi ya kadi, kizidishi ni 3, na kivuli kitakuwa na sentimita 30 kwa 18.

Sasa tazama eneo. Kadi ina sentimita mraba 60, kivuli kina 540. Pande zimezidishwa mara tatu, eneo limezidishwa mara tisa. Hiyo ndiyo kanuni: urefu huzidishwa kwa kizidishi mara moja, eneo mara mbili, nao ujazo mara tatu. Tangi la lita 1,000 likitengenezwa upya kwa umbo lile lile, kila kipimo kikiwa maradufu, litabeba lita 8,000.

Kuna swali ambalo wanafunzi hupenda kuuliza: kizidishi kikiwa nusu, umbo hupungua, sasa mbona tuseme limekuzwa? Jibu langu ni kuwa kuzidisha kwa nusu bado ni kuzidisha, na istilahi hutaja utaratibu mzima, si tokeo moja. Kizidishi kikiwa hasi, taswira huangukia upande wa pili wa kitovu, kichwa chini miguu juu, kama inavyotokea ndani ya kamera ya tundu.

Ramani ni mfano bora wa kizidishi kidogo. Katika ramani ya 1:50,000, sentimita moja ni mita 500 ardhini. Sentimita mraba moja basi si mita mraba 500, bali ni 250,000, sawa na hekta 25. Aidha, ramani ya 1:2,500 ndiyo yenye skeli kubwa kuliko hiyo, ingawa namba 2,500 yaonekana ndogo.

Hapa ndipo lugha inapogusa mfuko. Ploti nyingi nchini hutangazwa kuwa "50 kwa 100", yaani futi. Hizo ni futi mraba 5,000, ambazo hazifiki hata thumni ya ekari, kwa maana thumni kamili ni futi mraba 5,445. Tuseme ploti hiyo inauzwa Sh800,000, kisha muuzaji akupe "nusu ploti" ya 25 kwa 50 kwa Sh400,000. Masikioni yaonekana haki: nusu ya 50 ni 25, nusu ya 100 ni 50. Zidisha basi! Unapata futi mraba 1,250, ambazo ni robo. Kwa bei ile ile ya kila futi mraba, ungelipa Sh200,000. Nusu ya kweli ni 25 kwa 100, au 50 kwa 50.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nami naona daftari lenyewe halitoshi ikiwa maneno yaliyoandikwa humo yana maana mbili. Walimu, wafasiri na wanahabari tujizoeze kutaja kipimo kila tunapotaja ukubwa: mara mbili kwa urefu, mara mbili kwa eneo, mara mbili kwa ujazo. Naye mnunuzi, kabla ya kutoa pesa, aulize swali moja tu: nusu ya nini?