Neno 'Unyayo': Maana Halisi na Maana ya Kitamathali

Watahiniwa wengi hueleza 'kufuata nyayo' kuwa ni kuiga, kisha wakaishia hapo. Alama hupotea, kwa kuwa neno hili lina maana zaidi ya moja.

Katika maana halisi, unyayo (au wayo) ni sehemu ya chini ya mguu ikanyagayo ardhi. Pia ni alama inayoachwa na mguu huo. Wingi wake ni nyayo, katika ngeli ya U-ZI. Maana hii ya pili ndiyo inayozaa tamathali. Msasi hufuata alama ili ajue mnyama amepitia wapi. Vivyo hivyo, afuataye nyayo za mzazi hupita alipopita mzazi, pawe pema au pabaya. Mwana wa mlevi naye aweza kufuata nyayo.

Historia pia huongeza maana. Daniel arap Moi alipomrithi Jomo Kenyatta mwaka wa 1978, 'Fuata Nyayo' ilikuwa ahadi ya kuendeleza njia ya mtangulizi wake. Wanafunzi wakanywa 'maziwa ya Nyayo'. Hata hivyo, katika miaka ya 1980, wapinzani wa serikali waliteswa katika vyumba vya chini vya Jumba la Nyayo, Nairobi. Kwao, neno lilo hilo lilibeba hofu.

Hivyo basi, mtahiniwa ajiulize: Ni nyayo za nani? Zinaelekea wapi? Anayelitamka neno ni nani? Majibu yakithibitishwa kwa mifano kutoka matini, huo ndio uhakiki.