Kagera ilivyosomeka Washington

Ukitumiwa faili kwenye kundi la WhatsApp la mtaani, liwe la Mbagala au la Bunju, na aliyelituma akaapa kwamba ni siri ya CIA iliyovuja kuhusu Mapinduzi ya Zanzibar, huenda faili ni la kweli. Lililo la uongo ni kuvuja. CIA iliandika utafiti juu ya siku zile, tangu Januari 12 hadi Muungano wa Aprili 26, 1964. Uliandikwa mwaka 1966, na shirika lenyewe likaufungua kwa umma mwaka 2007. Umo kwenye tovuti yao, bure, na mwenye bando anaweza kuupakua akiwa kwenye foleni ya Tandika.

Wamarekani wametuandika muda mrefu. Ubalozi wao mdogo ulifunguliwa Unguja mwaka 1837, miaka minne baada ya mkataba wa biashara na Sayyid Said, enzi ambazo wafanyabiashara wa Salem walileta marekani, lile jora la pamba, wakaondoka na pembe za ndovu na sandarusi. Tangu hapo wamekuwa wakiandika kwao walichokiona na walichosikia. Sheria yao inalazimisha sehemu kubwa ya karatasi hizo ifunguliwe baada ya miaka kupita, na zilizoandikwa na watumishi wa serikali yao kuu hazina hakimiliki huko kwao. 

Kwa mtu wa huku kwetu, hazina kubwa kuliko zote ni hifadhidata ya telegramu za Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, aad.archives.gov, inayosimamiwa na Nyaraka za Taifa za nchi hiyo. Ina telegramu za mwaka 1973 hadi 1979. Vita vya Kagera vyote vimo humo: majeshi ya Idi Amin wa Uganda kuvuka mpaka mwishoni mwa Oktoba 1978, hadi Kampala kuanguka Aprili 11, 1979. Nyingi ni maandishi matupu bila picha, kwa hiyo hazili bando.

Fungua moja uitazame vizuri. Yote imeandikwa kwa herufi kubwa. Juu kuna mtumaji, AMEMBASSY DAR ES SALAAM, na mpokeaji, SECSTATE WASHDC, kisha orodha ya balozi zilizopewa nakala. Chini yake kuna kiwango cha siri, halafu mada. Wasomaji wengi hukimbilia mada. Mimi naanza na mtumaji, maana ndiye anayekuambia aliyeandika alikuwa amekaa wapi. Ubalozi wa Marekani Kampala ulifungwa mwaka 1973, ukaja kufunguliwa tena vita vilipokwisha. Habari za mapigano, basi, ziliandikwa na watu waliokaa Dar es Salaam, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka Mutukula, au waliokuwa Nairobi. Hawakuona kifaru hata kimoja. Waliandika walichoambiwa na maofisa wetu, na mabalozi wenzao, na waandishi wa habari. Karatasi kama hiyo ni chanzo cha awali kabisa kwa swali la Washington ilijua nini na lini. Kwa swali la nani alifyatua risasi wapi, ni umbea wa kidiplomasia, mzuri lakini umbea. Hapo muulize mzee aliyekuwa vitani. Bado wapo mitaani kwetu.

Kutafuta nako kuna ujanja wake. Andika kwa Kiingereza, na uandike kama wao walivyoandika. Kwa nyaraka za kabla ya 1964, zilizo kwenye hifadhi nyingine, tafuta Tanganyika, si Tanzania. Ndani ya telegramu Serikali ya Tanzania mara nyingine ni GOT tu, na ukiiandika peke yake utaletewa Uturuki, kwa sababu nayo ni GOT. Iambatanishe na Nyerere, au Bukoba, kisha ubane tarehe. Ukikuta kumbukumbu isiyo na maandishi, huenda karatasi imezuiliwa. Nakili namba na tarehe yake, kwani hata kuzuiliwa kwake ni habari.

Mikutano mikubwa iko pengine. Kissinger, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, alikuja Dar es Salaam Aprili 1976, akarudi Septemba mwaka huo huo, akizungumza na Nyerere juu ya Rhodesia na Namibia. Kumbukumbu za mazungumzo hayo zimo katika juzuu za sera ya nje zilizopo history.state.gov, ambazo zina tanbihi nzuri kuliko vitabu vingi vya darasani. Ziara ya Mwalimu kwa Kennedy ya Julai 1963 imehifadhiwa kwenye maktaba ya Kennedy iliyoko Boston, pamoja na picha. Na mwanafunzi wa HKL aliyepewa swali la utumwa Marekani aachane na notisi zilizotolewa kopi mpaka zikafifia. Tovuti ya Maktaba ya Bunge la Marekani ina simulizi zaidi ya 2,300 za watu waliozaliwa utumwani, zilizokusanywa mwaka 1936 hadi 1938. Aulize tu nani alikuwa anahoji: wengi wao walikuwa weupe, na waliohojiwa walikuwa wazee maskini waliojua kupima maneno mbele ya mzungu.

Kwa mwaka 1964 simu haitakufikisha mbali sana. Telegramu za enzi hizo hazimo kwenye hifadhidata ile ya 1973 hadi 1979, na nyingi bado ni karatasi ndani ya maboksi huko College Park, Maryland. Njia fupi ni kitabu cha Amrit Wilson cha mwaka 1989, kilichotumia nyaraka za Marekani zilizofunguliwa, na kumbukumbu za Don Petterson, aliyekuwa ofisa wa kibalozi wa Marekani Unguja siku ya Mapinduzi. Wawili hao hawakubaliani. Visome vyote viwili, kisha panda daladala uende maktaba ya Chuo Kikuu pale Mlimani, kitengo cha Afrika Mashariki, uombe magazeti ya Januari 1964.