Mlio Usio na Kiima: Viigizi na Hatari katika Katuni ya Tex

Tarehe 30 Septemba 1948 lilitoka nchini Italia toleo la kwanza la Tex, katuni ya visa vya Magharibi ya Marekani iliyotungwa na Gian Luigi Bonelli na kuchorwa na Aurelio Galleppini. Shujaa wake, Tex Willer, huponea chupuchupu kila mara, jangwani na katika mabonde ya kuviziana. Makala haya hayahusu ushujaa wake, bali namna hatari inavyoingia katika kisa kwa njia ya sauti.

Waitaliano huziita katuni “fumetti”, yaani vimoshi, kutokana na viputo vya maneno vinavyofuka vinywani mwa wahusika. Risasi, hata hivyo, haina kiputo. “Bang” huandikwa juu ya mchoro wenyewe. Katika Kiingereza neno hilo ni kiigizi, nomino na pia kitenzi kinachochukua njeo. Kiitaliano kilikopa mlio, kikakiacha kitenzi. Ndivyo ilivyokuwa kwa “gulp” na “sob”: Mwingereza hugugumia na hulia kwa kwikwi kwa maneno hayo, ilhali kwa msomaji wa Milano ni sauti tu.

Viigizi vya Kiswahili kwa kawaida hufuatana na kitenzi: mtu huanguka pu, hutumbukia majini chubwi, hulala fofofo. Katika Tex kitenzi hakiandikwi, lakini nafasi yake haiko wazi. Mchoro ndio kitenzi. Farasi anainua miguu ya mbele, mpandaji anapinda mgongo, nasi tunajua kilichotendeka. Kinachoweza kukosekana ni kiima. Mlio umesikika, mtu ameanguka, aliyepiga hajaonekana. Hofu ya msomaji inakaa katika pengo hilo la kisarufi. Kwa hiyo siafiki mazoea ya kukifundisha kiigizi kama pambo la lugha, mazoea ambayo nakiri niliyafuata kwa miaka mingi darasani.

Umbo la kitabu nalo lina sehemu yake. Matoleo ya awali yalikuwa vijitabu vyembamba vya mlalo, vyenye mstari mmoja wa picha katika kila ukurasa. Mlio ukiangukia picha ya mwisho, kiima hungoja ukurasa ufunuliwe. Matoleo ya baadaye yalipanga mistari mitatu kwa ukurasa, na jicho lenye pupa huweza kuteremka likamwona mviziaji kabla ya wakati wake. Mtafiti anayetumia matoleo hayo pekee anasoma maneno yaleyale, lakini hasomi kusubiri kulekule.